Mzazi Amefariki na Kuna Mambo Hamkuyajua: Mwongozo Kamili wa Kuyafuatilia

Maswali ya mirathi ninayoulizwa hufanana mno. Mzee amezikwa, wiki ya pili ametokea mama na watoto wawili. Au amekuja mpangaji kuuliza kodi ampelekee nani sasa, kodi ya nyumba ambayo pale nyumbani hakuna aliyewahi kuisikia. Na karibu kila anayeuliza ameshaharibu mwanzo: aliitisha kikao, akauliza mbele ya ukoo mzima nani alikuwa anajua, na tangu siku hiyo wanaojua wamefunga midomo na begi la karatasi halionekani.

Utaratibu ulio hapa chini unakwenda kinyume na huo. Karatasi kwanza, kisha simu, kisha watu, kisha ofisi; kikao kinakuja mwishoni, mkiwa tayari na kitu cha kuzungumzia. Nimefuata taratibu za Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya nimezigusa kwenye hatua ya ofisi.

Vitu vya kuandaa

- Cheti cha kifo, pamoja na nakala kadhaa zilizothibitishwa. Kibali cha mazishi mlichopewa hospitali si cheti. Hicho ndicho cha kupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ili cheti kitoke.
- Cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho chako. Ofisi nyingi zitataka kujua wewe ni nani kabla hazijakusikiliza.
- Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya marehemu, na majina yake yote. Andika kila namna alivyowahi kuandikwa: jina la ubatizo, jina la ukoo, jina la babu likiwa la pili au la tatu. Mzee mmoja anaweza kuwa na kiwanja kwa jina moja na akaunti ya benki kwa jingine.
- Kaunta buku moja ngumu, bahasha za kaki, kalamu ya maka.
- Simu yenye kamera nzuri, na chaja inayoingia kwenye simu ya marehemu.
- Kufuli jipya.
- Mtu wa pili. Asiwe ndugu yako wa tumbo moja, maana mkigombana na wengine mtaonekana mlipanga. Binamu mtulivu, au mzee wa msikitini au kanisani aliyemfahamu marehemu, anafaa zaidi.

Hatua ya 1: Linda vyombo kabla matanga hayajaanuliwa

Nyumba ya msiba husafishwa na watu wenye nia njema. Shangazi anafagia chumba, anakuta mfuko wa rambo umejaa risiti za miaka kumi, anauchoma pamoja na takataka. Nguo za marehemu zinagawiwa, na waleti inaondoka ndani ya koti. Siri nyingi hupotea hivi, bila mtu yeyote kukusudia kuficha.

Kabla watu hawajatawanyika, andika orodha ya kila mahali panapoweza kuwa na karatasi: sanduku la bati, chini ya godoro, juu ya kabati, mifuko ya makoti, dashibodi ya gari, droo ya ofisini au dukani, hata stoo ya mifugo. Vilivyo vidogo viweke pamoja, vifungie kwa kufuli jipya, ufunguo akae nao mtu mmoja anayejulikana kwa wote.

Kama mzazi mwingine yu hai, chumba ni chake. Muombe, usimpangie. Mama akiwa eda, ambayo kwa mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi, asihamishwehamishwe na asiingiliwe chumbani na wanaume wasiomhusu. Ufunguo mwachie mwenyewe na kazi ya kupekua aifanye binti yake mbele yake. Mjane aliyeheshimiwa siku ya tatu ndiye atakayekwambia jambo siku ya arobaini.

*Tahadhari.* Usitoe fedha kwenye simu au kadi ya benki ya marehemu hata kama namba ya siri unaijua, na hata kama ni za sanda na chakula cha msiba. Mali ya marehemu haina mwenyewe mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Muamala wa siku ya mazishi hubaki kwenye taarifa ya akaunti, na ndugu watauona.

*Umefanikiwa iwapo:* kuna orodha ya vyombo vyote iliyosainiwa na wewe na mtu wa pili, na hakuna anayelalamika kwamba amefungiwa nje.

Hatua ya 2: Soma karatasi

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Anza kwa kupiga picha kila rundo kama lilivyo, kabla hujaligusa. Karatasi iliyokaa na nyenzake ina sababu: risiti ya ada iliyobanwa pamoja na mkataba wa kiwanja inasema kitu ambacho kila moja peke yake isingekisema.

Kisha gawanya: ardhi na nyumba, fedha, kazi, watu, na visivyoeleweka. Kila karatasi ipe namba kwenye kaunta buku, na mbele ya namba andika swali moja ambalo karatasi hiyo imeliibua. Andika swali, jibu litakuja baadaye. Ukianza kuandika majibu utajikuta umeshamhukumu mzazi wako ukiwa kwenye karatasi ya kumi na tano.

Hizi ndizo ninazozitafuta kwanza.

Risiti na meseji za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuzificha. Kila ununuzi una namba ya mita. Linganisha na mita ya nyumbani kwenu. Mita ngeni iliyonunuliwa umeme mara moja huenda ilikuwa ya jirani aliyeomba msaada. Mita ngeni iliyonunuliwa umeme kila mwezi kwa miaka miwili ni nyumba. Na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita hiyo inahusiana pia na kodi ambayo kuna mtu amekuwa akiilipa.

Karatasi za ardhi. Hati miliki si karatasi pekee. Tafuta barua ya toleo, leseni ya makazi, hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi ya kijiji, risiti za kodi ya pango la ardhi, na mikataba ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Huo wa mkono usiudharau. Una majina ya mashahidi, na shahidi wa mauziano ni mtu anayejua mpaka unapopita na ni nani aliyekuwa amesimama kando ya mzee siku hiyo.

Risiti za ada za shule. Mara nyingi hubeba jina la mwanafunzi.

Barua za gawio au taarifa za hisa. Wafanyakazi wengi wa zamani walinunua hisa kidogo wakasahau. Ukiona jina la Soko la Hisa Dar es Salaam, dalali wa hisa, au vipande vya UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), weka pembeni. Hakuna haja ya kujua thamani yake leo.

Vitabu vya SACCOS (vyama vya akiba na mikopo), vikoba na vyama vya kufa na kuzikana. Vina akiba, vina mikopo, na vina orodha ya wadhamini. Mdhamini wa mkopo hujua mkopo ulikuwa wa nini.

Mikataba ya mikopo ya benki. Isome hadi ukurasa wa mwisho ukitafuta neno bima. Mikopo mingi ya waajiriwa hukatiwa bima inayolipa deni lililobaki mkopaji akifariki. Kuna familia zimeuza shamba kulipa deni ambalo bima ingelilipa.

*Tahadhari.* Usichukue karatasi halisi kuizungusha mitaani. Piga picha, toa nakala, halisi irudi kwenye bahasha. Kama uko nje ya nchi, Muscat au London, mwombe aliyeko nyumbani apige picha pande zote mbili za kila karatasi. Nyuma ndiko wazee huandika namba za simu.

*Umefanikiwa iwapo:* kaunta buku lina maswali, na baadhi ya maswali yameanza kuelekea mahali pamoja: mtaa uleule, shule ileile, jina lilelile.

Hatua ya 3: Simu ya marehemu

Iweke hewani. Iwe na chaji, laini isitolewe. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine, na kila aliyekuwa akimtafuta marehemu atapotea nayo.

Pokea simu zinazoingia kwa sauti ya kawaida, ujitambulishe: "Hii ni simu ya mzee, mimi ni mwanawe." Kisha nyamaza. Wengine watakata. Andika namba na saa. Atakayepiga tena siku ya tatu ana sababu.

Kwenye meseji za miamala, angalia mpangilio wa tarehe kabla hujaangalia kiasi. Fedha inayotumwa kwa namba ileile kila mwisho wa mwezi, ikaongezeka Januari na Julai shule zinapofunguliwa, ni matunzo ya mtoto hata kama namba hiyo imehifadhiwa kwa jina la "Fundi Bomba". Inayotumwa kwa namba moja kila wiki kwa kiasi kilekile inafanana zaidi na marejesho ya kikundi.

*Tahadhari mbili.* Ya kwanza: usimjibu mtu meseji ukijifanya ndiye marehemu ili umtege. Zaidi ya kuwa ni udanganyifu, huenda huyo wa upande wa pili hajui kwamba mzee amefariki, na utakuwa umemfanyia jambo ambalo hatakusamehe. Ya pili: kama simu ina namba ya siri usiyoijua, usiipeleke kwa fundi wa kuifuta ili iwake. Kampuni ya simu hutoa taarifa za miamala kwa msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama, subiri.

*Umefanikiwa iwapo:* una orodha fupi ya namba zinazorudiarudia, kila moja na mpangilio wake, na hujampigia yeyote bado.

Hatua ya 4: Chora kalenda ya maisha yake

Fungua kurasa mbili za kaunta buku zikitazamana. Upande wa kushoto, miaka, kuanzia alipomaliza shule. Upande wa kulia, alikuwa wapi, akifanya kazi gani, akiishi kwa nani. Jaza kwa barua za uhamisho, vyeti vya kazi, picha zenye tarehe nyuma, na miaka ya kuzaliwa kwenu.

Watumishi wa umma wa kizazi cha wazazi wetu walihamishwa sana, na mara nyingi familia ilibaki nyuma kwa sababu ya shule. Walimu, polisi, reli, ushirika, bandari: kila mmoja alikuwa na kituo ambacho wanawe hawakuwahi kukiona. Kuwa na pengo si ushahidi wa kitu. Ila ukiona miaka mitatu Kigoma isiyo na picha hata moja, unajua wapi pa kuuliza na wa kuuliza ni nani: mfanyakazi mwenzake wa Kigoma, si baba mdogo aliyekuwa Moshi muda wote huo.

*Umefanikiwa iwapo:* mapengo yana miaka na mahali.

Hatua ya 5: Sasa ongea na watu

Ndugu wa karibu ndio wa mwisho kuulizwa, si wa kwanza. Wana hisa katika mirathi, au wana aibu, au waliapa. Anza na wasio na cha kupata: aliyekuwa dereva wake, fundi aliyejenga nyumba, mwenye duka aliyemkopesha, rafiki wa kijiweni, mjumbe wa shina. Fundi hasa. Anayejenga nyumba huwa anajua inajengwa kwa ajili ya nani.

Usiulize siri. Ukimuuliza mzee wa miaka sabini "baba alikuwa na mke mwingine?" umemlazimisha kuchagua kati ya kusema uongo na kumvunjia heshima rafiki yake aliye kaburini. Uliza mahali na wakati: "Shikamoo mzee. Mwaka ule baba alipokuwa Kigoma, alikuwa amepanga upande gani? Alikuwa akila kwa nani?" Swali la kula kwa nani limefungua mambo mengi kuliko maswali yote ya wanasheria.

Nenda mwenyewe, nenda asubuhi, usiende na kinasa sauti. Akisema "hayo mambo yaache," usibishane. Mwambie unayaacha, ila una wasiwasi kama kuna mtoto anayesubiri ada na hajui sababu ya kukatika kwake. Halafu ongea mengine. Watu wazima wengi hurudi wenyewe, tena kwa simu, tena usiku.

Shangazi ni mtihani wa pekee. Kwa makabila mengi ndiye mwenye kumbukumbu za upande wa kaka yake, na ndiye aliyepelekewa mtoto kumwona. Lakini pia ndiye mwenye usemi kwenye kikao. Mwendee ukiwa tayari na picha au jina mkononi, umwombe akueleze unachokiona. Kuthibitisha ni rahisi kwake kuliko kutoboa.

*Tahadhari.* Maneno ya mtu mmoja yaandike kama maneno ya mtu mmoja. Msibani kuna wanaokuja na hadithi kwa sababu wanadai, au kwa sababu walikuwa na ugomvi na marehemu.

*Umefanikiwa iwapo:* jambo moja limethibitishwa na watu wawili wasioonana, au na mtu mmoja na karatasi moja.

Hatua ya 6: Ofisi, na kila moja inachoweza kukupa

Tofauti kubwa ni kati ya ofisi zinazokusikiliza sasa hivi na zile zinazosubiri hati ya usimamizi wa mirathi. Wengi huenda benki kwanza, wanafukuzwa, wanakata tamaa na nyingine zote.

Zinazoweza kukusaidia kabla ya hati:

Ofisi ya utumishi ya mwajiri wake wa mwisho. Kwenye jalada la mtumishi kuna fomu alizojaza kwa mkono wake akiwataja mwenzi na wategemezi. Uliza pia walioandikishwa kwenye bima ya afya ya NHIF kupitia kwake. Mwanachama huandikisha mwenzi na watoto kwa majina, na mtu anayemficha mtoto nyumbani mara nyingi hamfichi hospitalini. Afisa utumishi anaweza kukataa kukupa nakala. Muulize tu kama kuna jina msilolijua na taratibu za kulipata.

Ofisi ya ardhi. Upekuzi hufanywa kwa namba ya kiwanja na kitalu, au namba ya hati. Ukienda na jina la mzee pekee utarudi mikono mitupu. Ndiyo sababu hatua ya 2 imetangulia. Kwa ardhi isiyopimwa, ofisi yako ni serikali ya mtaa au ya kijiji.

RITA. Ndiko ziliko kumbukumbu za vizazi, vifo na ndoa, na pia huhifadhi wosia. Uliza kama kuna wosia hata kama mna hakika hakuna. Wakili wake, parokia yake na benki yake waulizwe pia swali hilohilo.

BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kuna dalili za kampuni au jina la biashara.

Zinazosubiri hati: benki, kampuni za simu, wasimamizi wa hisa. Benki unaweza kuipa taarifa ya kifo mapema ili akaunti ifungwe isichezewe, lakini salio hawatakwambia. Kwa mafao, aliyekuwa serikalini yuko PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganishwa PPF, PSPF, LAPF na GEPF. Wa sekta binafsi kwa kawaida yuko mfuko wa NSSF. Barua ya zamani yenye jina la LAPF haimaanishi fedha zimepotea.

Kwa aliye Zanzibar, mirathi ya Waislamu hupita Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ya kuulizwa kuhusu mali zilizowekwa wakfu. Nyumba ya wakfu si ya kurithiwa hata kama babu alikaa humo maisha yake yote. Kenya, utahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote, na ombi lako litatangazwa katika Gazeti Rasmi kwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Huko pia kuna mamlaka inayoshikilia fedha zisizodaiwa, UFAA, inayopokea akaunti zilizolala, gawio na hata salio za M-Pesa. Tafuta kwa namba ya kitambulisho cha marehemu.

*Umefanikiwa iwapo:* kila swali la kaunta buku lina jibu, au lina jina la ofisi inayosubiri hati.

Hatua ya 7: Simu ya kwanza kwa familia nyingine

Kama dalili zimeelekea kwenye nyumba nyingine, apige mtu mmoja tu, mwenye sauti ya chini. Asiwe mama yenu. Asiwe kaka mwenye hasira. Mchana, siku ya kazi, watoto wakiwa shule.

Maneno yawe machache: "Shikamoo mama. Naitwa fulani, ni mtoto wa mzee fulani wa Mbagala. Samahani kukupigia ghafla. Sijui kama taarifa imekufikia, mzee alitutoka tarehe fulani. Nimeona ni haki ukajulishwa. Sijapiga kwa ugomvi." Hapo nyamaza tena. Usimuulize yeye ni nani kwa mzee. Atasema. Kama ni wa umri wako, "dada" inatosha na shikamoo unaweza kuiacha, ila usimwite "wewe".

Anaweza kulia, anaweza kukata, anaweza kukwambia alikuwepo mazishini akiwa amekaa nyuma na kanga usoni. Anaweza pia kuwa na cheti cha ndoa. Usibishane naye kuhusu hilo kwenye simu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi iliyofungwa hivyo, na kifungu cha 160 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamke na mwanaume walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kuonekana na jamii kuwa mke na mume. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mwenye kuamua ni mahakama.

*Tahadhari.* Usiahidi kitu, na usitishe. Maneno "hutapata hata kijiko" yamezaa kesi ndefu kuliko kiwanja chochote.

*Umefanikiwa iwapo:* mmekubaliana siku ya kuonana, mahali pasipo nyumbani kwenu wala kwake.

Hatua ya 8: Damu, kama ni lazima

Wengi hukimbilia kipimo cha vinasaba mapema mno. Kama mzee alimlipia mtoto ada, akamwandikisha bima, akamtambulisha kwa dada yake, kuna ushahidi mwingi tayari.

Pakiwa na ubishi wa kweli, kipimo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kinaongozwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Huendi mwenyewe dirishani na unywele kwenye karatasi. Ombi hupitia kwa mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Marehemu akiwa ameshazikwa, sampuli za ndugu zake au watoto wake wengine zinaweza kulinganishwa. Kufukua kaburi ni jambo la amri ya mahakama, na sijaona familia iliyotoka salama humo.

Jiandae na jibu usilolitaka. Sampuli zikitolewa na watoto wa ndani pia, inaweza kujulikana kwamba aliye na tofauti ni mmoja wenu. Waambieni wote hilo kabla ya kusaini fomu, mama akiwa wa kwanza.

Hapohapo niguse siri zisizo na fungu kwenye mirathi. Ukikuta kadi ya CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, au makopo ya dawa, hayo hayaendi kwenye kikao. Ni ya kumwambia mwenzi wake peke yake, kwa upole, na kumsindikiza kwa mshauri wa kliniki. Barua za mapenzi za mwaka 1974 zirudishe zilipokuwa.

Hatua ya 9: Kikao, halafu mahakama

Sasa itisha kikao. Una orodha ya mali, ya madeni na ya watu. Hakuna haja ya kumuuliza yeyote alikuwa anajua nini. Soma orodha, toa nakala, mteueni anayependekezwa kuwa msimamizi, muhtasari usainiwe na wote. Kama familia nyingine imeshajulikana, ialikwe au ijulishwe kwa maandishi.

Muhtasari huo na cheti cha kifo ndivyo vinavyokwenda mahakamani. Marehemu aliyeishi kwa mila au kwa sheria ya Kiislamu, shauri huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kwenye Fomu Na. I, ya kuomba usimamizi, utataja warithi, na hapa ndipo wengi hushawishika kuacha majina. Usiache. Kumwandika mtu si kumpa fungu. Nani anarithi hutegemea sheria inayotumika: kwa Kiislamu, kwa mfano, mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba lakini anaweza kunufaika na wasia usiozidi theluthi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Hayo mwachie hakimu. Ukimficha mtu akajitokeza baadaye, usimamizi unaweza kutenguliwa kwa sababu uliificha mahakama jambo la msingi, na mlichokwisha kugawana kikadaiwa.

Hati ikitoka, rudi kwenye zile ofisi zilizokuwa zikisubiri. Una miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha Fomu Na. V yenye mali na madeni yote. Ukihitaji muda zaidi, omba kabla haujaisha. Madeni yanatoka kwenye mali ya marehemu kwanza, ndipo warithi. Mtoto hadaiwi mfukoni mwake.

Mgawanyo huonyeshwa kwenye Fomu Na. VI. Ikipokelewa na shauri kufungwa, omba nakala zilizogongwa muhuri, moja ibaki na kila upande. Namba ya shauri iandike ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Kikijitokeza kiwanja kingine mwaka kesho, utarudi mahakama ileile na namba hiyohiyo kuomba maelekezo, na karani atakuuliza hiyo kabla hajakuuliza jina.